Shajara ya mradi: trauti wa kahawia kwenye mto mdogo, Machi hadi Novemba

28 Machi. Lengo, mto na vifaa

Lengo ni moja: kujifunza kumvua trauti wa kahawia, samaki wa maji baridi, wa mwituni kwenye mto mdogo, kwa nzi bandia (ndoana iliyofungwa manyoya ili ifanane na mdudu), na kumrudisha majini akiwa mzima. Mto wenyewe ni mdogo kweli. Penye wembamba unauruka kwa hatua tatu, penye upana haufiki mita sita, na kwa sehemu kubwa maji hayapiti goti. Nimejiwekea kipande cha karibu kilomita moja na sitatoka hapo msimu mzima. Ukihamahama huwezi kujua kama kilichobadilika ni mbinu yako au ni maji.

Hakuna aliyemwaga samaki wa kufugwa humu. Waliopo wametoka kwenye mayai yaliyotagwa kwenye kokoto za mto huuhuu. Asili ya trauti wa kahawia ni Ulaya na Asia ya magharibi, lakini mayai yake yamesafiri mbali: mwaka 1864 yalifika Tasmania ndani ya meli iitwayo Norfolk, yakiwa yamehifadhiwa kwa barafu, na mwaka 1905 samaki hawa waliingizwa Kenya. Huko kote wapo wanaozaana wenyewe hadi leo, kwa hiyo ninayoandika hapa mtu anaweza kuyajaribu popote penye mto baridi na mwembamba.

Vifaa vya kuanzia: ufito wa mita 2.7 na kamba yake ya kurushia. Uzi wa mbele wa nailoni, mita 2.7, unaoishia na unene wa milimita 0.14; kisanduku cha nzi bandia; wavu wa mkono wa mpira usiochubua; koleo dogo; miwani inayokata mng'ao wa maji; kipimajoto. Ndoana zote nimezibana kile kijino chake kwa koleo ili zitoke kinywani mwa samaki bila kuchana.

(Nyongeza ya Agosti: mwenye kunakili mradi huu anaweza kupunguza chochote katika orodha hiyo, asipunguze kipimajoto.)

6 Aprili. Kutembea bila ufito

Nimepita kipande chote na daftari tu. Maji nyuzi 8 za Selsiasi asubuhi.

Trauti hutafuta mambo matatu yaliyo jirani: maji ya polepole ya kutulia, mkondo wa kasi unaopita karibu na kumletea chakula, na maficho ya kukimbilia. Kwa hiyo nimeweka alama nyuma ya mawe, mbele ya mawe pia, maana maji hupunguza mwendo kabla ya kugonga jiwe, chini ya kingo zilizochimbika, penye mizizi, na kila mahali ambapo maji ya kasi mbili tofauti yanasuguana. Samaki mwenye nguvu zaidi ndiye mwenye kao bora. Akiondoka, anayemfuata kwa nguvu hulichukua, ndiyo maana kao zuri halikai tupu siku nyingi.

Ramani ya kwanza ilikuwa bure. Nilianzia juu nikashuka na mto, na karibu kila samaki niliyemwona nilimwona akikimbia. Trauti hukaa kichwa kikielekea unakotoka mkondo. Anayeshuka na mto anaingia moja kwa moja machoni pake, na tope analotimua linamtangulia. Siku nyingine nikaanzia chini nikapanda, hatua moja kisha kusimama, hatua moja kisha kusimama. Nikaona samaki mahali ambapo ramani ya kwanza ilionyesha patupu, wengine wametulia kwenye maji ya kina cha sentimita 20 karibu kabisa na ukingo, mahali nilipokuwa nimekanyaga mara ya kwanza. Ramani ile nimeichana. Gharama yake ni siku nzima ya kazi, na bado naiona nafuu, kwa sababu tangu hapo sijashuka na mto hata mara moja.

19 Aprili. Ufito mfupi

Mita 2.7 ni ndefu mno kwa mto huu. Matawi yamekutana juu ya maji kwa zaidi ya nusu ya kipande, na kila kamba ikienda nyuma kutafuta nguvu ya kurushwa, inarudi na jani au hairudi. Sehemu kubwa ya nzi nilioanza nao wamebaki matawini. Kwanza nilijaribu kurusha ubavu, ufito ukiwa sambamba na maji. Inafaa penye upenyo upande mmoja, ila penye vichaka pande zote mbili nzi wanaishia kwenye nyasi.

Nimehamia ufito wa mita 2.1 na kufupisha uzi wa mbele hadi mita 2.1. Nilichopoteza ni urefu wa kunyoosha mkono juu ya mkondo ili kamba isiguse maji, na hilo lina madhara (nyongeza ya baadaye: nimeyaandika kwenye hatua ya 25 Mei).

Kilichookoa hatua hii ni mrusho wa upinde. Unaushika mpindo wa ndoana kwa kidole gumba na cha shahada, ncha ikitazama nje ya vidole, unauvuta uzi hadi ncha ya ufito ipinde kukuelekea, unalenga, unaachia. Ufito unajinyoosha na kumtupa nzi mbele chini ya matawi, bila kitu chochote kwenda nyuma. Masafa ni mafupi, mita nne au tano, lakini kwenye mto kama huu ndiyo masafa yenyewe. Mambo mawili ya kuangalia. Ukishika ndoana kwenye shingo badala ya mpindo, inakuchoma kidole wakati wa kuachia. Na mkono wenye ufito usitikisike: ukisukuma mbele hata kidogo, nzi anaangukia chini ya ncha ya ufito. Nilifanya mazoezi kwenye nyasi nikilenga jani moja kabla ya kurudi mtoni.

4 Mei. Jaribio la kuonekana

Samaki wamekuwa wakikimbia kabla nzi hajagusa maji, hata nikitokea chini. Nilibadilisha nzi, nikabadilisha unene wa uzi, hakuna tofauti. Ikabidi nipime kitu kingine: wanajuaje kwamba nipo?

Kwanza hesabu yenyewe. Mwanga hupinda unapoingia majini, kwa hiyo samaki akitazama juu anauona ulimwengu wote wa nje umebanwa ndani ya duara moja juu ya kichwa chake, lenye pembe ya takriban nyuzi 97. Nje ya duara hilo uso wa maji kwake ni kioo kinachoakisi sakafu ya mto. Upana wa duara ni kama mara 2.3 ya kina alipo. Trauti aliye sentimita 30 chini ana duara la sentimita 68 hivi. Akipanda hadi sentimita 10, linabaki sentimita 23. Kwa hiyo samaki aliye juujuu anaweza kusogelewa zaidi, lakini nzi lazima apite palepale kichwani pake, la sivyo hamwoni vizuri.

Vitu vilivyo chini, karibu na usawa wa maji, hubanwa ukingoni mwa duara hadi vinafifia. Wavuvi hutumia kipimo cha nyuzi 10: kilicho chini ya mstari huo kutoka kwenye maji hakionekani vizuri. Mtu wa mita 1.7 aliyesimama usawa wa maji anaingia machoni akiwa karibu zaidi ya mita 9.6. Akipiga magoti, kichwa kikiwa mita moja, anafika hadi mita 5.7. Akisimama juu ya ukingo wenye nusu mita, anaonekana kutoka zaidi ya mita 12. Nikilinganisha na mrusho wangu wa mita nne au tano, kila samaki niliyekuwa namrushia nikiwa nimesimama alikuwa ameshaniona zamani.

Kisha jaribio. Mwenzangu alijificha nyuma ya shina la mti juu ya kidimbwi ambamo samaki mmoja wa sentimita 25 hivi alikuwa akila. Ishara zilikuwa tatu: ngumi maana yake ametulia, kiganja wazi maana yake mapezi yameanza kwenda haraka, mkono ukishushwa amekwenda. Nikamsogelea kutoka chini kwa namna mbalimbali, tukimpumzisha samaki muda mrefu katikati.

Nikisimama wima: kiganja wazi nikiwa bado mbali, kisha mkono chini. Nikiwa magotini: ngumi hadi karibu mno. Nikiongea kwa sauti kubwa nikiwa magotini: ngumi. Sauti ya hewani karibu yote hurudishwa na uso wa maji. Nikikanyaga ukingo kwa kisigino mara moja tu, huku nimejificha kabisa: mkono chini papo hapo. Mshindo unapita ardhini hadi majini, na trauti anaupokea kwa masikio ya ndani na kwa mstari wa hisia uliopita ubavuni mwake. Kivuli cha ufito kikipita juu ya maji: mkono chini.

Marekebisho yaliyotokana na siku hiyo: natembea magotini mita kumi za mwisho, sisimami juu ya ukingo nikiweza kuwa ndani ya maji, nazingatia jua liko wapi kabla ya kuchagua upande, na mabuti yenye misumari ya chuma kwenye soli nimeyaacha, kwa sababu yaligonga mawe kila hatua. Nimechukua soli za mpira. Soli za sufi hazitelezi, ila hukaa na unyevu siku nyingi na kubeba viumbe kutoka mto hadi mto. New Zealand ilizipiga marufuku kwa wavuvi mwaka 2008, baada ya mwani uitwao didymo kugunduliwa kwenye mito yake mwaka 2004. Vyovyote utakavyovaa, safisha na ukaushe kabisa kabla ya kuingia mto mwingine.

Kama kuna hatua moja ya kunakiliwa katika shajara hii yote, ni hii ya leo. Nzi sijambadilisha, uzi ni uleule, na samaki wameanza kula.

25 Mei. Nzi anayekokotwa

Sasa wanapanda, wanamtazama nzi, wanageuka. Wengine wanamfuata nusu mita, pua ikiwa chini yake kabisa, kisha wanazama.

Tatizo ni mkokoto. Mto mdogo una mikondo mingi ndani ya upana mdogo. Nzi anatua kwenye maji ya polepole, kamba inalala kwenye maji ya kasi, na baada ya sekunde moja kamba inamvuta nzi kuvuka mkondo. Mdudu halisi hana uwezo wa kwenda upande huo kwa kasi hiyo. Ukiangalia kwa makini utaona alama ndogo ya V nyuma ya nzi, na mara nyingine hata hiyo haionekani: amesogezwa sentimita mbili tu pembeni mwa mapovu yanayoelea naye, na hiyo inatosha kumkatisha trauti tamaa. Hapa ndipo ule ufito mfupi ulinigharimu.

Nilianza kwa kurefusha uzi wa mbele hadi mita 3. Ukalegea vizuri majini, lakini chini ya matawi haukurushika. Nikapunguza unene hadi milimita 0.12, samaki wawili waliupasua wakiingia mizizini, wakaondoka na nzi midomoni. Sitaki kuacha ndoana kwenye samaki, hata zisizo na kijino, kwa hiyo nikarudi kwenye 0.14 siku hiyohiyo.

Kilichofaa ni mahali pa kupiga magoti. Badala ya kurusha kuvuka mikondo, najisogeza hadi niwe kwenye mstari uleule wa maji anamokaa samaki, nyuma yake, na narusha kuelekea juu ili kamba yote ilale kwenye maji ya kasi moja. Penye ulimi wa kasi katikati, nasogea karibu zaidi na kuinua ufito hadi uzi pekee uguse maji. Naangalia mapovu: nzi akienda nayo sambamba, ni sawa. Najua kwamba nitapata sekunde mbili au tatu nzuri tu, kwa hiyo namtua sentimita 50 juu ya samaki badala ya mita mbili.

8 Juni. Chini ya mawe

Nimegeuza mawe kuona wanakula nini, na kuyarudisha yalivyokuwa. Makundi matatu yamejaa. Mabuu bapa yenye mikia mitatu, ya jamii ya Ephemeroptera, yanayokimbilia upande wa chini wa jiwe ukiligeuza. Mabuu ya kadisi, yaliyojijengea nyumba za chembe za mchanga zilizogandishwa kwa hariri yao wenyewe. Na yale makubwa ya jamii ya Plecoptera, yenye mikia miwili, yasiyostahimili maji machafu. Kuyakuta mengi ni habari njema kwa mto wowote. Ephemeroptera wanastahili kutazamwa. Ndio wadudu pekee wanaojichuna tena baada ya kupata mabawa ya kurukia, na wakishakuwa wakubwa hawali kabisa, wanaishi saa au siku chache tu ili wazae.

Kisanduku changu kilikuwa na aina nyingi mno. Nimebaki na tatu. Wa kwanza ni Adams wa kijivu, aliyefungwa na Len Halladay huko Michigan mwaka 1922, namba 14 na 16. Hafanani kabisa na mdudu mmoja, anafanana kiasi na wengi. Wa pili ni nzi wa manyoya ya elki (kulungu mkubwa), aliyeasisiwa na Al Troth, kwa wakati wa kadisi. Huelea hata kwenye maji yanayoruka. Wa tatu ni buu la manyoya ya mkia wa ndege aitwaye fizanti, kazi ya Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon wa Uingereza, lililofungwa kwa waya mwembamba wa shaba badala ya uzi ili lizame. Nilipobeba aina chache niliacha kubadilisha nzi kila samaki alipokataa, nikaanza kubadilisha pembe ya kurushia. Majibu yalikuwa bora.

22 Juni. Maji ya udongo

Mvua kubwa, mto umepanda na kuwa rangi ya udongo. Nzi wa juu hawakuguswa. Samaki walikuwa wamesogea pembeni kabisa, kwenye maji ya polepole karibu na nyasi. Buu zito likipitishwa taratibu sentimita chache kutoka ukingoni lilichukuliwa. Samaki hawaoni mbali siku kama hizi, kwa hiyo unaweza kusimama karibu, ila kuvuka mto usithubutu kama huoni unapokanyaga.

14 Julai. Joto

Wiki kadhaa bila mvua. Maji yamepungua hadi mawe ya katikati yako wazi.

Saa sita mchana, penye uwazi, kipimajoto kilisoma nyuzi 19. Nilirusha hata hivyo, na samaki wa sentimita 24 akachukua Adams. Hakupigana sana. Alipoingia wavuni alilala ubavu, matamvua yakifunguka na kufungwa kwa haraka na kwa kina. Nilimshika ndani ya maji kichwa kikielekea mkondo, bila kumsukuma mbele na nyuma, kwa dakika nyingi. Mara mbili nilimwachia akalala ubavu tena. Mwishowe alikaza mkia akaondoka polepole chini ya jiwe. Kwamba aliogelea akaenda si ushahidi kwamba aliishi.

Sababu zinaeleweka. Maji baridi ya nyuzi 10 hubeba hadi miligramu 11.3 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 20 hubeba 9.1. Wakati huohuo mwili wa samaki unadai oksijeni zaidi kadiri maji yanavyopata joto. Trauti wa kahawia huacha kula karibu na nyuzi 19 au 20, na karibu na nyuzi 25 zikidumu hufa. Aliyechoshwa na ndoana ana akiba ndogo mno ya kuvukia hapo.

Nilisimamisha uvuvi siku hiyo nikatembea kipande chote na kipimajoto. Uwazi wa chini: 19.5. Baada ya kivuli kirefu cha miti: 18. Penye chemchemi ndogo inayochuruzika kutoka ukingo wa kushoto: 12 palipotokea maji, 15 hatua mbili chini yake, na hapo trauti walikuwa wamekusanyika wengi kuliko nilivyowahi kuwaona pamoja. Mahali hapo nimepatia alama nyekundu kwenye ramani. Havui mtu pale wakati wa kiangazi. Wamekuja kujinusuru.

Kanuni tangu leo: napima kabla ya kufunga nzi, napima tena kila nikipumzika, na nyuzi 18 zikifika nafunga ufito.

10 Agosti. Alfajiri, na namna ya kumshika

Nimehamishia kazi yote alfajiri. Jua linapochomoza maji yako nyuzi 14 au 15, na nina muda hadi katikati ya asubuhi. Chakula nacho kimebadilika: wadudu wa majini ni wachache, wa nchi kavu ni wengi. Sisimizi bandia na dundu bandia mweusi, akitua kwa kishindo kidogo chini ya nyasi zinazoning'inia, anafanya kazi pale ambapo Adams hatazamwi.

Kushika samaki kumepata marekebisho kadhaa. Mkono unalowanishwa kwanza, maana mkono mkavu unaondoa ute unaomkinga na maradhi. Wavu unabaki majini, samaki ndani yake, ndoana inatolewa hapohapo kwa koleo. Picha inapigwa akiwa majini. Katika utafiti wa Ferguson na Tufts uliochapishwa mwaka 1992, juu ya trauti upinde wa mvua waliochoshwa, waliofanyishwa mazoezi tu walikufa asilimia 12. Waliotolewa pia hewani sekunde 30, asilimia 38. Sekunde 60, asilimia 72. Sekunde 60 ndiyo muda wa mtu kutafuta simu mfukoni, kuifungua na kutabasamu. Samaki wangu hawatoki tena majini.

7 Septemba. Samaki wa mizizini

Chini ya ukingo uliochimbika, penye mizizi iliyosukana hadi majini, kuna samaki niliyemwekea alama tangu ramani ya pili. Sikuwahi kumwona mwili mzima, pua tu, ikitokeza ukingoni mwa kivuli na kurudi. Nimemjaribu msimu mzima. Mkiani mwa kidimbwi ndipo palikuwa pa kawaida kupiga magoti, lakini ulimi wa kasi kati yangu naye ulikokota nzi kila mara. Juni alimchukua buu akarudi mizizini, uzi wa 0.14 ukakatika kwenye mti. Agosti nilikaza mapema, dundu likiwa bado kwenye midomo iliyo wazi, likatoka.

Marekebisho yalikuwa matatu kwa pamoja: uzi wa 0.18, kwa sababu chini ya kivuli hautazamwi sana. Magoti ndani ya maji nyuma ya jiwe lililo upande wake uleule, mita nne tu kutoka kwake. Na mrusho wa upinde, kwa kuwa tawi liko mkono mmoja juu ya maji. Maji nyuzi 13. Dundu lilitua karibu na mizizi, likaelea kidogo. Pua ikatokea, ikafunga bila kurusha hata tone. Nikasubiri kichwa kizame, ndipo nikainua ufito, si juu bali pembeni, kumtoa mizizini kabla hajageuka.

Sentimita 34. Mgongo wa zeituni iliyokolea, ubavu wa dhahabu, madoa meusi makubwa na mekundu machache yaliyozungukwa na duara jeupe, na kile kipezi kidogo cha mafuta karibu na mkia kikiwa na ukingo wa rangi ya chungwa. Mapezi yote kamili, makali pembeni, hayajalika na sakafu ya saruji kama ya samaki wa kufugwa. Nilisimama pale mtoni baada ya kumwachia na sikutaka kurusha tena siku hiyo.

Jambo la pili la mwezi huu limetoka kwenye picha. Mpangilio wa madoa hutofautiana samaki hadi samaki, kwa hiyo nimekuwa nikipiga picha ya kifuniko cha matamvua cha kushoto na kuilinganisha na za nyuma. Samaki wa Mei, sentimita 22, amerudi wavuni akiwa 24, kwenye kidimbwi kilekile, nyuma ya jiwe lilelile. Madoa matatu yaliyopangana pembetatu juu ya jicho, moja kubwa chini yake. Alivuliwa, akaachiwa, akapita Julai yote ile, na amekua. Hilo ndilo nililotaka kulijua zaidi ya yote tangu Machi. Uvuvi nitaufunga mwishoni mwa mwezi, kabla hawajaanza kutaga.

16 Novemba. Vitanda vya mayai

Maji nyuzi 6. Nimetembea juu ya kingo tu, bila ufito, kuangalia walipotaga. Mito mingi ya trauti hufungwa kisheria msimu huu, na penye sheria na pasipo na sheria, kukaa nje ya maji ndiyo kazi.

Kitanda kinaonekana ukijua cha kutafuta: kokoto zilizosafishwa, zenye rangi hafifu kuliko sakafu inayozizunguka, shimo dogo upande wa juu na kichuguu upande wa chini. Jike hulala ubavu na kupiga mkia kuchimba shimo, hutaga, dume akarutubisha, kisha jike husogea juu kidogo na kuchimba tena ili kokoto zifunike mayai. Vitanda vingi nimevikuta mwishoni mwa vidimbwi, pale maji yanapoanza kwenda kasi na kupenya ndani ya kokoto. Mayai yanahitaji maji hayo kupita katikati yao. Tope likiziba matundu, yanakosa hewa. Buti likikanyaga, yanapondeka.

Kwenye maji ya nyuzi 10 mayai huanguliwa kwa wiki sita hivi. Kwenye baridi ya mto huu itachukua miezi, na hata baada ya kuanguliwa vitoto hubaki ndani ya kokoto wakila kiini hadi kiishe. Yaani kokoto zinaweza kuwa na uhai ndani yake hadi Aprili.

Hapa ramani imenionyesha kitu. Vivuko vyangu viwili vya Machi na Aprili, nilivyovitumia kwa sababu ni vya kina kifupi na kokoto ngumu, viko juu ya vitanda kabisa. Nimevifuta. Badala yake kuna sehemu ya mwamba mtupu juu kidogo ya kidimbwi cha mizizi, na nyingine ya mawe makubwa karibu na chemchemi. Zote zimejaribiwa kwa fimbo na zote zinavukika.

Hatua inayofuata: kipimajoto cha kuacha majini chenye kumbukumbu, kitakachosoma kila saa kuanzia sasa, nihesabu lini vitoto watatoka, kuweka alama za kudumu kwenye miti iliyo mkabala na kila kitanda ili nisivipoteze maji yakipanda, na kutoingia majini popote kwenye kipande hiki kabla ya Mei. Nitaandika tena vitoto wakionekana pembeni mwa maji.